Mionzi, maji na upitishaji umeme wa zeoliti: shajara ya mradi

Januari: swali na chanzo chake

Mradi huu una swali moja. Zeoliti ikipigwa mionzi ya gama, ni mabadiliko gani ya tabia zake za umeme yanayoletwa na mionzi yenyewe, na ni yapi yanayoletwa na maji yaliyoingia au kutoka wakati kazi ikiendelea? Nalitanguliza swali hili kwa sababu ni rahisi mno kupima kidonge cha unga wa zeoliti kabla ya mionzi, kukipima tena baada ya mionzi, kisha kuiita tofauti yote athari ya mionzi. Msimamo wangu, ambao shajara hii itaufuatilia hatua kwa hatua, ni kwamba tofauti hiyo haisemi lolote la kuaminika mpaka maji yawe yamehesabiwa kwanza.

Zeoliti ni madini ya silikoni, aluminiamu na oksijeni yaliyojengeka kama kiunzi chenye mifereji na vyumba vyenye upana wa chini ya nanomita moja. Kila mahali ambapo atomi ya aluminiamu imeshika nafasi ya silikoni, kiunzi hubaki na chaji hasi moja, na chaji hiyo husawazishwa na ioni chanya, kama vile sodiamu, potasiamu au kalsiamu, ambazo hazikufungwa kwenye kiunzi bali hukaa ndani ya mifereji pamoja na molekuli za maji. Mwaka 1756 Axel Fredrik Cronstedt wa Uswidi alipasha moto jiwe la aina hii akaliona likitokota na kutoa mvuke. Maji aliyoyaona ndiyo yanayotushughulisha hapa, maana hayamo kwenye zeoliti kwa bahati, bali ni sehemu ya mpangilio wake.

Nimechagua aina mbili. Ya kwanza ni klinoptiloliti ya asili, ambayo kwa kila atomi 72 za oksijeni za kiunzi chake ina takriban atomi 30 za silikoni, 6 za aluminiamu na molekuli 20 za maji. Ukipiga hesabu ya uzito, maji yanakuwa kati ya asilimia 13 na 14 ya jiwe lote. Ya pili ni zeoliti 4A ya kiwandani, ambayo uwiano wake wa silikoni na aluminiamu ni mmoja kwa mmoja, kwa hiyo ina ioni nyingi zaidi za sodiamu na ikishiba hubeba maji yanayokaribia asilimia 22. Hii ya pili ni ya kulinganishia tu, kwa kuwa ni safi na mpangilio wake unajulikana vizuri. Klinoptiloliti ya asili huja na kwatzi, feldispa na udongo wa mfinyanzi, na mchanganyiko huo lazima ukumbukwe kila mara namba zinaposomwa.

Mawe ya Afrika Mashariki nayo yana zeoliti. Kule Olduvai majivu ya volkano yaliangukia ziwa lenye chumvi na magadi, na baada ya muda sehemu yake ikageuka kuwa zeoliti, jambo ambalo mwanajiolojia Richard Hay alilieleza kwa kina katika kazi yake ya miaka mingi. Hata hivyo eneo lile ni la kuhifadhiwa, na tabaka zake zina mchanganyiko mkubwa wa madini. Kwa kazi ya vipimo vya umeme nimeona ni busara kuanza na klinoptiloliti ya kununua.

Sababu ya kuhusisha mionzi ni ya vitendo. Klinoptiloliti hupenda sesiamu kuliko ioni nyingi nyingine, kwa sababu sesiamu ni ioni kubwa inayoshika maji kwa ulegevu, huyaacha bila shida na kuingia mferejini, ilhali sodiamu na hasa kalsiamu huyang'ang'ania maji yake. Tangu mwaka 1985 kiwanda cha SIXEP kilichoko Sellafield, Uingereza, kimekuwa kikitumia klinoptiloliti kutoka Mud Hills, California, kuondoa sesiamu na strontiamu kwenye maji ya mabwawa ya mafuta ya nyuklia. Baada ya ajali ya nyuklia ya Three Mile Island, Marekani, ya mwaka 1979, na tena baada ya ile ya Fukushima ya mwaka 2011, maji yaliyochafuka yalipitishwa kwenye zeoliti.

Safu ya zeoliti inayochuja maji hayo, ikishashiba sesiamu 137 huendelea kujipiga mionzi yenyewe kwa miongo mingi, kwa kuwa nusumaisha ya sesiamu hiyo, yaani muda wa nusu yake kuoza, ni miaka 30 hivi. Zaidi ya hapo, kila kiini kinachooza hugeuka kuwa bariamu, yaani nafasi iliyokuwa na ioni ya chaji moja sasa ina ioni ya chaji mbili, ndani ya mfereji ule ule na mbele ya aluminiamu zile zile. Safu hiyo ina unyevu, na maji yaliyo kwenye mionzi hutoa gesi ya haidrojeni. Mhifadhi wa taka hizo za nyuklia anahitaji kujua maji kiasi gani yamebaki ndani bila kufungua chombo. Kipimo cha umeme kinaweza kuwa njia ya kuyasoma maji hayo kutoka nje, na huko ndiko mradi unakotaka kufika, mradi tu tujue mionzi haiupotoshi usomaji wenyewe.

Februari: kifaa cha kupimia

Mwezi huu umekwenda wote kwenye kishikio cha sampuli, na sioni kuwa ni muda uliopotea.

Unga wa zeoliti unakandamizwa kuwa kidonge chenye kipenyo cha milimita 13 na unene wa milimita 1. Hesabu ya mwanzo ilitosha kunitahadharisha: kapasitansi, yaani uwezo wa kuhifadhi chaji, ya nafasi tupu yenye ukubwa huo ni pikofaradi 1.2 tu, ilhali kebo ya kawaida yenye kinga hubeba takriban pikofaradi 100 kwa kila mita. Mtu akiunganisha kidonge kwa waya mbili za kawaida, anachopima ni kebo, na kidonge kinabaki kama doa ndani ya kipimo. Kwa hiyo tunatumia muunganiko wa nyaya nne, pete ya kinga kuzunguka elektrodi ya chini, na usawazishaji unaofanywa kwenye ncha ya kebo kishikio kikiwa tupu, kabla ya kila mfululizo wa vipimo.

Elektrodi nazo zina masharti yake. Rangi ya fedha ndiyo iliyoko karibu kila maabara, lakini ioni za fedha huingia kwenye zeoliti kwa urahisi na kufukuza sodiamu, hasa kidonge kikiwa na unyevu na volteji ya mkondo mnyoofu ikiwapo. Elektrodi ya fedha ingekuwa inabadilisha sampuli huku ikiipima. Tumechagua dhahabu iliyopakwa kwenye ombwe, yaani nafasi iliyoondolewa hewa. Kwa vihami vya kishikio, tefloni ingefaa kabisa kwa umeme, lakini ni miongoni mwa plastiki zinazoharibika haraka zaidi kwenye mionzi, na huanza kukakamaa na kuvunjika kwa dozi ambazo kwetu ni ndogo. Vihami vyote vimechongwa kwa seramiki ya alumina.

Kipimo chenyewe ni cha impidansi, yaani ukinzani dhidi ya mkondo geu, kutoka hezi 20 hadi megahezi 1. Kidonge kikavu, katika joto la kawaida, kina ukinzani unaoweza kupita gigaomu 1, na hapo tunahamia kwenye elektromita inayosoma mikondo ya pikoampea. Kidonge chenye unyevu hushuka hadi kiloomu. Kifaa kimoja hakiwezi kubeba upana wote huo kwa usahihi ule ule, na nimeona ni muhimu kuandika kwenye kila grafu ni kifaa kipi kilichotumika wapi.

Jambo jingine la kuzingatia tangu mwanzo ni kwamba kwenye masafa ya chini kidonge chenye unyevu huonyesha kigezo cha dielektriki, yaani kipimo cha jinsi kitu kinavyoongeza uwezo wa kuhifadhi chaji, cha maelfu, wakati maji yenyewe yakiwa huru hayazidi 80 hivi katika joto la chumba. Maelfu hayo si tabia ya zeoliti. Ni ioni zilizorundikana mbele ya elektrodi na kwenye mipaka ya punje. Anayetaka kuona kinachotokea ndani ya fuwele lazima aitenganishe sehemu hiyo, na ndiyo maana tunachora impidansi katika masafa yote badala ya kutoa namba moja ya kilohezi 1.

Machi na Aprili: masika, na maji yenyewe

Mvua za masika zimeanza Dar es Salaam, na hewa ya maabara imekuwa nzito. Kwa kazi hii ni mwalimu mzuri. Kidonge kilichokaushwa kwenye ombwe kwa nyuzi 300 za Selsiasi kikitolewa na kuwekwa juu ya mizani, tarakimu ya mwisho haitulii: inapanda moja baada ya nyingine mbele ya macho, na kabla mtu hajamaliza kuandika namba ya kwanza, namba hiyo imeshapitwa. Hakuna maana ya kuzungumzia kidonge kikavu ambacho kimepita kwenye hewa wazi, hata kwa safari ya kutoka tanuri hadi kishikio. Vidonge vikavu sasa vinahamishwa ndani ya kisanduku cha naitrojeni kavu na kupimwa humo humo.

Kwa unyevu unaodhibitiwa tunatumia njia ya zamani ya miyeyusho iliyoshiba chumvi. Katika nyuzi 25, kloridi ya lithiamu hushikilia unyevuanga wa asilimia 11, kloridi ya magnesiamu 33, chumvi ya kawaida ya mezani 75, na salfeti ya potasiamu 97. Njia hii haihitaji umeme wala mitungi ya gesi, na inarudiwa kwa uaminifu mkubwa iwapo joto la chumba limetulia. Kila kidonge hukaa juu ya mwyeyusho wake mpaka uzito usibadilike tena, ndipo kinapopimwa.

Hapa inafaa kueleza jinsi umeme unavyopita kwenye zeoliti. Kiunzi chenyewe ni kihami, elektroni zake zimefungwa mbali na uhuru. Kinachobeba chaji ni zile ioni chanya za mifereji, zinazoruka kutoka kituo kimoja hadi kingine kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Kila ruko linahitaji nishati ya kuvunja mvuto wa oksijeni za kiunzi, na ndiyo sababu upitishaji wa zeoliti kavu hupanda kwa haraka joto linapoongezeka. Watafiti Freeman na Stamires walilipima hili mwaka 1961 kwenye zeoliti za kiwandani zilizokaushwa, na mwaka uliofuata Stamires akaonyesha jinsi molekuli zinazoingia kwenye mifereji zinavyoubadilisha upitishaji huo. Maji huizunguka ioni, huupunguza mvuto wa kiunzi juu yake, na ruko linakuwa jepesi. Maji mengi zaidi yakiingia, molekuli zinashikana kuwa mnyororo, na protoni nazo zinaweza kupita kutoka molekuli hadi molekuli.

Vipimo vyetu vinakwenda sambamba na picha hiyo, ila vimenifundisha kuangalia mahali ambapo sikuwa nimepapa uzito wa kutosha katika mpango wa awali. Klinoptiloliti hunyonya sehemu kubwa ya maji yake kwenye unyevuanga mdogo sana. Ikishafika asilimia 33, kupanda hadi 75 huongeza uzito kidogo tu. Lakini upitishaji haufuati uzito. Kati ya 33 na 75, na zaidi kuelekea 97, ukinzani wa kidonge unaporomoka kwa kiasi kisicholingana kabisa na miligramu chache zilizoongezeka. Maelezo ninayoyaona kuwa na nguvu ni kwamba maji haya ya mwisho hayakai ndani ya mifereji, ambayo karibu imejaa, bali yanatandaza utando mwembamba kwenye nyuso na mipaka ya punje, na utando huo unaziunganisha punje zilizokuwa zimetengana. Kwa hiyo kuna maji ya aina mbili kwa upande wa umeme: ya ndani, ambayo ni mengi kwa uzito na huamua ioni zinatembeaje ndani ya fuwele, na ya nje, ambayo ni machache kwa uzito lakini yana sauti kubwa kwenye kipimo cha masafa ya chini.

Tofauti hii ina uzito kwa swali la mionzi. Maji ya nje ndiyo yanayoondoka kwanza, kwa joto dogo na hewa kavu kidogo, na yakiondoka hakuna mizani ya kawaida ya maabara ambayo ingemshtua mtu, ilhali ukinzani utakuwa umepanda mara nyingi.

Mei: hesabu kabla ya mionzi

Kabla ya kupeleka kidonge chochote kwenye mionzi nimekaa na kalamu, kwa sababu hesabu mbili zinaweza kuondoa mashaka mengi.

Ya kwanza ni ya joto. Chemba ya kobalti 60 tutakayotumia tunaihesabu kwa kasi ya kilogrei 2 kwa saa, grei moja ikiwa ni jouli moja ya mionzi iliyofyonzwa na kilo moja ya kitu. Kwa kulinganisha, vifaa vya hospitali husafishwa vijidudu kwa kilogrei 25, na dozi ya grei 4 au 5 kwa mwili mzima inaweza kumuua mtu asiyetibiwa. Lengo letu la juu ni megagrei 1, ambayo kwa kasi hiyo ni saa 500, yaani takriban wiki tatu mfululizo. Megagrei 1 ni jouli milioni moja kwa kilo, nishati ambayo ingeingia kwa mkupuo mmoja ingelipasha jiwe kwa mamia ya nyuzi. Lakini ikigawanywa kwa saa 500 inakuwa takriban wati 0.56 kwa kilo, na kwa kidonge kisichofika hata gramu moja ni chini ya miliwati moja, joto linalopotea hewani bila kuonekana. Kwa hiyo nishati inayofyonzwa na kidonge chenyewe haikikaushi. Kinachoweza kukikausha ni hewa ya chemba, ambayo hupashwa na chanzo na kuta zake, na ambayo haina unyevu wa hewa ya Dar es Salaam.

Ya pili ni ya maji yanayovunjwa na mionzi. Katika maji ya kawaida, kila elektronivolti 100 (kipimo kidogo sana cha nishati) za gama huzalisha takriban molekuli 0.45 za haidrojeni. Megagrei 1 ni takriban elektronivolti 6.2 × 10²¹ kwa kila gramu, kwa hiyo gramu moja ya maji ingetoa molekuli 2.8 × 10¹⁹ za haidrojeni. Gramu hiyo ina molekuli 3.3 × 10²² za maji. Uwiano ni chini ya moja kwa elfu. Tuseme sasa kwamba kiunzi nacho kinahamishia nishati yake kwa maji yaliyomo, na tuchukue hali ya kupindukia ambapo nishati yote ya gramu moja ya zeoliti inaishia kwenye gramu 0.13 za maji yake: hata hivyo maji yaliyopotea kwa njia ya haidrojeni hayafiki asilimia 1 ya maji yote.

Nimeifanya hesabu hii kwa njia zaidi ya moja kwa sababu ni nguzo ya mradi. Kwa mhifadhi wa taka za nyuklia, haidrojeni hiyo ni hatari ya kweli, maana hukusanyika kwenye chombo kilichofungwa. Kwa kipimo cha umeme, hata hivyo, inasema kwamba katika dozi zetu mionzi haimalizi maji ya zeoliti kwa kuyavunja. Ikiwa kidonge kitatoka kwenye chemba kikiwa na maji pungufu kwa kiasi kinachopimika, maji hayo yametoka kwa njia ya kawaida ya kukauka.

Juni na Julai: vidonge vilivyo wazi na mashahidi wao

Kundi la kwanza lilisawazishwa juu ya mwyeyusho wa chumvi ya mezani, likawekwa kwenye vyombo visivyozibwa, na kuingizwa kwenye chemba. Kila kidonge kilikuwa na shahidi wake: kidonge kilichotoka kwenye unga ule ule, kilichokandamizwa kwa shinikizo lile lile, kikasawazishwa kwa unyevu ule ule, kisha kikawekwa kwenye oveni iliyorekebishwa ifuate joto la chemba kwa muda ule ule. Tofauti pekee ni kwamba shahidi hakupigwa mionzi.

Vidonge vilipotoka, upitishaji ulikuwa umeshuka sana, na kadiri dozi ilivyokuwa kubwa ndivyo ulivyoshuka zaidi. Mchoro wake ni mzuri kuutazama: mstari unaoteremka kwa utaratibu pamoja na dozi, wenye kushawishi kabisa. Mashahidi walitoa mstari unaokaribia kuwa ule ule, kwa sababu dozi kubwa maana yake ni saa nyingi kwenye joto, na saa nyingi kwenye joto maana yake ni maji machache. Kisha vidonge vyote, vilivyopigwa na visivyopigwa, vilirudishwa juu ya chumvi ya mezani mpaka uzito ukatulia, na sehemu kubwa ya ule mteremko ikafutika katika makundi yote mawili.

Hili ndilo jambo ninalotaka wenzangu wanaofanya kazi hii walishike. Katika jaribio la wazi, muda, joto na dozi vinatembea pamoja, na grafu ya upitishaji dhidi ya dozi kwa kweli ni grafu ya upitishaji dhidi ya muda wa kukauka. Bila shahidi hakuna njia ya kuvitenganisha baadaye, hata kwa hesabu za kitaalamu kiasi gani.

Agosti: ampuli

Njia iliyobaki ni kuyafungia maji ndani. Fundi vioo wa karakana ametutengenezea ampuli ndogo, yaani vichupa vya kioo vinavyozibwa kwa moto, na kazi ya kuziziba inahitaji mkono wake: kidonge kimekaa upande mmoja kikiwa kimefunikwa kwa kitambaa chenye maji baridi, moto unawaka upande wa pili, na shingo ya kioo inavutwa polepole mpaka ifunge. Aliponiona nikitaka kuichukua ampuli ya kwanza alinizuia, akasema, "Mwalimu, iache ipoe yenyewe. Ukiiharakisha, itapasuka ikishafika kule." Ampuli zake hazijavuja, kila moja hupimwa uzito kabla na baada ya chemba, na uzito haujabadilika.

Tumeandaa makundi mawili. Kundi la kwanza ni vidonge vyenye maji, vilivyosawazishwa kwenye asilimia 75 kisha kuzibwa. Kundi la pili ni vidonge vilivyokaushwa kwa nyuzi 300 kwenye ombwe na kuzibwa humo humo. Kila kundi lina mashahidi wake, nao wamo kwenye ampuli.

Ampuli zilizopigwa mionzi zimerudi zikiwa za kahawia, na zile za dozi ya juu zimekuwa nyeusi kiasi kwamba kidonge hakionekani ndani. Hilo ni la kawaida kwa kioo: elektroni zinazong'olewa na gama hunaswa kwenye kasoro za mpangilio wake na kufyonza mwanga. Nalitaja kwa sababu jambo la jinsi hiyo hiyo linatarajiwa ndani ya kiunzi cha zeoliti, ambacho nacho ni silika yenye aluminiamu. Mwaka 1965 mtafiti Kasai alionyesha kwamba zeoliti Y ya sodiamu iliyokaushwa, ikipigwa gama, hunasa elektroni moja kati ya ioni nne za sodiamu, na alama yake kwenye mwangwi wa spini za elektroni, njia ya kuzitambua elektroni zisizo na jozi, ni mistari 13. Elektroni iliyonaswa namna hiyo inabadilisha mvuto kati ya ioni na majirani zake, na ioni hizo ndizo zinazobeba umeme wetu. Kwa upande wa chaji chanya, shimo linaloachwa na elektroni hukaa kwenye oksijeni iliyo jirani ya aluminiamu, mahali pale pale ambapo ioni ya sodiamu hupumzikia kati ya ruko na ruko.

Kuna pia atomi zinazosukumwa kutoka mahali pake. Elektroni inayorushwa na gama ya kobalti 60 haizidi megaelektronivolti 1.1 hivi, na ikigonga oksijeni uso kwa uso inaweza kuipa takriban elektronivolti 300, ambazo zinatosha kuing'oa, lakini migongano ya namna hiyo ni nadra. Taasisi ya Fizikia ya Yerevan, Armenia, imeichunguza klinoptiloliti ya Noyemberyan kwa miale ya elektroni za megaelektronivolti kadhaa, ambako migongano hiyo ina nafasi kubwa zaidi. Matokeo ya gama na matokeo ya elektroni hayapaswi kuwekwa kwenye jedwali moja kana kwamba dozi sawa ina maana ya madhara sawa.

Septemba na Oktoba: kinachobaki maji yakishahesabiwa

Kundi lenye maji, lililozibwa, limetoa jibu tulivu. Kwa dozi za chini na za kati, vidonge vilivyopigwa na mashahidi wao havitofautiani zaidi kuliko vidonge viwili vya unga mmoja vinavyotofautiana vyenyewe. Kwa megagrei 1 ipo tofauti kwenye masafa ya chini, katika upotevu wa dielektriki, yaani nishati ya umeme inayogeuka joto ndani ya kidonge, na inaelekea upande mmoja katika vidonge vyote tulivyovifungua hadi sasa. Naiandika kama tofauti iliyoonekana, na naiweka pembeni mpaka kundi jingine kutoka mfuko mwingine wa unga lipimwe. Kwa mtu anayetaka kusoma maji ya safu kutoka nje, jibu hili ni la kutia moyo: katika dozi hizi, sauti ya maji ni kubwa kuliko sauti ya mionzi.

Kundi kavu lina ugumu wake, na ndio uliochukua fikra zangu zaidi. Zeoliti ikiwa haina maji, athari ya mionzi ina nafasi ya kuonekana, kwa kuwa hakuna molekuli za kuzima chaji zilizonaswa wala kurahisisha mwendo wa ioni. Lakini ili kupima nishati ya ruko lazima kidonge kipashwe joto hatua kwa hatua, na joto hilo hilo huziachilia elektroni na mashimo yaliyonaswa na kuponya kasoro. Mpimaji anafuta maandishi akiwa katikati ya kuyasoma. Njia ya kawaida ya kukausha upya kwa nyuzi 300 baada ya mionzi ndiyo mbaya kuliko zote, maana inarudisha kidonge karibu na hali yake ya mwanzo kisha inatangaza kwamba mionzi haikufanya kitu.

Utaratibu tulioukubali ni huu: kidonge kikavu kinatolewa kwenye ampuli ndani ya kisanduku cha naitrojeni, kinapimwa kwanza katika joto la chumba bila kupashwa, kisha kinapashwa kwa kasi moja isiyobadilika huku mkondo ukisomwa, kinapozwa, na kupashwa mara ya pili. Mpando wa pili ni wa kidonge kilichokwisha kuponywa, na tofauti kati ya mpando wa kwanza na wa pili ndiyo mchango wa mionzi. Shahidi hupitia hatua zile zile, na kwake mipando yote miwili inapaswa kulingana. Isipolingana, maana yake maji yaliingia mahali fulani, na kidonge hicho kinaondolewa kwenye hesabu pamoja na mwenzake. Katika vidonge vya 4A mipando miwili ya mashahidi imelingana vizuri. Katika klinoptiloliti ya asili bado kuna baadhi visivyolingana, na nashuku udongo wa mfinyanzi uliomo, ambao huachia maji yake katika joto tofauti na lile la zeoliti.

Kwa hiyo awamu inayofuata inaanza na kusafisha unga: kuutikisa ndani ya maji na kuuacha utuame ili chembe ndogo za udongo zimwagwe na maji ya juu, kisha kuukagua kwa mtawanyiko wa miale ya eksi kabla ya kuukandamiza. Baada ya hapo klinoptiloliti itabadilishwa ioni katika mafungu matatu, la sodiamu, la kalsiamu na la sesiamu ya kawaida isiyo nururifu, kwa sababu ioni hizi tatu zinashika maji kwa nguvu tofauti kabisa, na nategemea fungu la sesiamu, lenye maji machache zaidi, ndilo litakaloonyesha mionzi mapema. Miyeyusho ya kloridi imeshaandaliwa. Ampuli za fungu la sodiamu zitazibwa kwanza, na za sesiamu zitafuata pale mashahidi wa klinoptiloliti iliyosafishwa watakapotoa mipando miwili inayolingana.